Vimulimuli vya Gundi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Angetile alikuwa na kazi tatu: kuanika kakao ya mama yake kwenye mkeka, kumfukuza jogoo asiikanyage hiyo kakao, na kufikiria jina jipya la kumbandika mtu. Kazi mbili za kwanza alizifanya huku amenuna. Ya tatu aliifanya kwa moyo wote.

Pale Makwale, katika darasa la sita, karibu kila mtu alikuwa amekwisha kubatizwa upya. Aliko, ambaye hakuweza kunong'ona hata umwombe kwa adabu, aliitwa Mashine ya Kukoboa. Mbwa wa mlinzi wa shule aliitwa Mkaguzi, kwa sababu aliingia darasani, akanusa mabegi, akatoka bila kusema kitu.

"Gwe Angetile," mama yake alizoea kumwambia, "ulimi wako ungekuwa jembe, tungelima mpaka bandarini Itungi."

Mtu mmoja tu hakuwa na jina la utani, naye ni Naomi, jirani yake wa dawati. Naomi alitoka Ikombe, ng'ambo ya ziwa, ambako mama yake alifinyanga vyungu. Alikuwa anaishi Makwale kwa mama yake mdogo ili asome. Alikuwa mkimya na nadhifu, na daftari zake zote zilikuwa na majalada ya gazeti. Angetile alimchunguza muhula mzima akitafuta pa kumshikia, akakosa. Ni kama kutaka kupanda mnazi uliopakwa sabuni.

Jumatatu hiyo Mwalimu Jovina, aliyehamishiwa Kyela kutoka Bukoba, aliingia na kasha la rangi za maji. Kasha lilikuwa moja kwa darasa zima, lenye vidonge kumi na viwili vya rangi, na alilibeba kama mtu aliyebeba mayai.

"Ijumaa kuna maonyesho ya kazi za wanafunzi mjini Kyela," alisema. "Shule yetu itapeleka picha moja. Mtachora vimulimuli juu ya majaruba ya mpunga. Mmeviona tangu mzaliwe, lakini sijui kama mmewahi kuvitazama."

Angetile akamwinamia Aliko aliyeketi mbele yake. "Kwao wanakula wadudu, wale senene," alinong'ona. "Tukimaliza kuchora, atavikaanga."

Aliko akakoboa kicheko kilichosikika mpaka darasa la nne. Angetile naye akacheka hadi machozi yakamtoka, na kwa dakika zote hizo za kucheka hakusikia Mwalimu Jovina alichokuwa anakieleza.

Mwalimu alikuwa akisema hivi: "Rangi hizi ni nyepesi, hazifuniki. Ukishaweka giza, huwezi kuweka mwanga juu yake. Kwa hiyo nuru haipakwi, nuru inaachwa. Acha vidoa vyeupe, vidogo kama punje ya mpunga, kisha paka usiku kuvizunguka. Karatasi yenyewe ndiyo taa yako."

Naomi aliyasikia yote. Aliacha vidoa vyake vinne, kimoja akakiweka chini kwenye maji ya jaruba kama kivuli cha mwenzake. Kisha akapaka usiku polepole, safu juu ya safu, akisubiri kila safu ikauke. Mwisho akagusisha manjano hafifu kwenye vile vidoa. Mwalimu Jovina alipopita alisimama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii ndiyo inakwenda Kyela," alisema. "Na wewe Naomi utakwenda nayo. Mwambie mama yako aje aione."

Naomi alitabasamu huku ameangalia chini. Angetile, kwa upande wake, alikuwa amepaka karatasi nzima buluu na nyeusi toka kona hadi kona. Alipogutuka kwamba vimulimuli vinahitaji kuwaka, akaweka manjano juu. Manjano yakageuka kijani cha matope. Vimulimuli vyake vikawa kama mboga iliyomwagika barabarani.

"Mwenzetu kachora lami!" Aliko akatangaza kwa sauti ile ile ya mashine. Darasa likaangua kicheko. "Lami! Lami!"

Angetile hakuwahi kujua kwamba jina la utani lina uzito. Yeye alikuwa mtoaji, si mpokeaji. Na picha zote zilizobaki zingetundikwa ukutani Ijumaa ili wazazi wazione. Masikio yakamwaka moto kuliko kimulimuli chochote kilichochorwa siku ile.

Jumanne asubuhi, akiwa anaanika kakao, macho yake yaliangukia ndoo za baba yake. Baba yake, Yakobo, alikuwa fundi rangi, na wiki ile alikuwa anapaka nyumba ya mchungaji. Juu ya ndoo moja ameandika kwa mkaa: RANGI YA MAJI, NYEUPE.

Angetile alisoma mara mbili. Kumbe! Mwalimu amehangaika na kikasha chake cha vidonge kama vya malaria, na hapa nyumbani kuna ndoo nzima. Tena nyeupe! Alichota kidogo kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka kilichokwisha, akafunga kifuniko. Hakumwomba baba, hakumuuliza. Alijiambia kwamba tone moja kwenye ndoo nzima haliwezi kuonekana.

Picha zote zilikuwa zimekauka na kupangwa kabatini, na ufunguo ulikuwa kwa Naomi. Mwalimu ndiye aliyemkabidhi. Wakati wa mapumziko Angetile akamfuata.

"Jirani, niazime ufunguo. Nataka niangalie lami yangu kidogo, nilie peke yangu."

Naomi akacheka, akampa. "Usizivuruge tu. Yangu iko juu."

Darasani hakukuwa na mtu. Angetile alitoa picha yake, akachovya kijiti, akadonoa vidoa saba vikubwa vyeupe juu ya ule weusi. Loo! Viliwaka. Vilisimama juu ya karatasi vinono, vinang'aa, utadhani vitaruka. Alikuwa bado anajipongeza kengele ikalia, na nje viatu vikaanza kukimbia. Angetile akaitupia picha kabatini, akafunga, akachomoa ufunguo. Kwa haraka ile hakuona kwamba ameilaza kifudifudi, uso wake juu ya uso wa picha ya Naomi.

"Asante, jirani," alisema akirudisha ufunguo.

"Umelia?"

"Kidogo tu."

Jumatano asubuhi Mwalimu Jovina alifungua kabati ili aitie picha ya Naomi kwenye fremu. Alitoa karatasi mbili zilizoshikana. Akajaribu kuzitenganisha kwa ukucha, polepole, darasa zima likimtazama. Zikaachia kwa sauti ya kuchanika. Katikati ya usiku mzuri wa Naomi palibaki vidonda saba vyeupe, karatasi imechunika. Vipande vya usiku huo vilikuwa vimeganda kwenye picha ya Angetile, vikaficha kabisa ile rangi nyeupe iliyokuwa chini yake.

Mwalimu akaziinua zote mbili.

"Naomi," Mwalimu alisema, "uliziweka kabatini zikiwa mbichi?"

Naomi alisimama. "Hapana, Mwalimu. Zilikuwa kavu. Kwetu Ikombe hatupangi kitu kibichi. Chungu kibichi ukikipanga, kinabeba alama ya mwenzake mpaka siku ya kuvunjika. Mama amenifundisha. Jana nilimpa Angetile ufunguo. Alitaka kuangalia picha yake."

Macho yote yakamgeukia Angetile. Hata jina lake siku hiyo lilimgeuka, maana kwa Kinyakyusa Angetile ni kusema "amenitazama". Sasa alikuwa anatazamwa na watu arobaini na watatu. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa mafupi tu. Lakini ulimi wake, ule ambao ungelima mpaka Itungi, ukachagua njia nyingine.

"Nilichungulia tu, Mwalimu. Sikugusa kitu."

Mwalimu Jovina akakwaruza karatasi kwa ukucha. "Rangi za maji hazishiki hivi," alijisemea. Kisha akamgeukia Naomi. "Naomi, ufunguo nilikukabidhi wewe, si mtu mwingine. Kilichomo kabatini ni jukumu lako. Naomba ufunguo."

Naomi aliurudisha kwa mikono miwili. Darasa likawa kimya, kimya kizito kisichovumilika, na Angetile hakuwahi kuvumilia kimya maishani mwake. Kabla hajajizuia, neno likamponyoka:

"Naomi Gundi!"

Darasa likalipuka. Aliko akapiga dawati. Hata waliomwonea Naomi huruma wakacheka, kwa sababu jina lilimwenea kama shati la kupimwa. Muhula mzima Angetile alilitafuta jina la Naomi, na sasa amelipata. Naomi hakulia. Aliketi, akaanza kunyoosha jalada la gazeti la daftari lake, akalinyoosha, akalinyoosha, ingawa halikuwa na kunyanzi hata moja.

Mwalimu akatangaza kwamba picha ya Aliko ndiyo itakwenda Kyela. Vimulimuli vya Aliko vilikuwa vikubwa kama kuku.

Jioni hiyo mama aliandaa wali na samaki. Baba alikuja mezani na madoa meupe kwenye nywele.

"Baba," Angetile aliuliza akichezea tonge, "rangi ya maji si ni ya maji?"

"Maji gani?"

"Yaani ikilowa inatoka."

Baba akacheka mpaka akapaliwa. "Itoke? Mwanangu, ile ni rangi ya ukuta! Tunaiita ya maji kwa sababu unaichanganya na maji. Lakini ina gundi ndani yake. Ikikauka imekauka. Mvua hii ya Kyela yote isiitoe, itatolewa na nini? Ukibandika karatasi juu yake ikiwa mbichi, siku ya kuibandua utabandua na ukuta."

Angetile akalirudisha tonge kwenye sahani. Kumbe gundi ilikuwepo kweli, naye ndiye aliyeileta, kwenye kikopo cha mafuta.

"Nimekutana na mama mdogo wa Naomi mashineni," mama akasema. "Mtoto yule ana huzuni! Amempigia simu mama yake asije tena Kyela. Mama wa watu alishaomba nafasi kwenye mtumbwi wa Ijumaa alfajiri, alitaka kuona picha ya mwanawe. Na wanafunzi wenzake sasa wanamwita Gundi. Sijui ni nani asiye na haya aliyempa jina hilo."

Angetile alitazama wali. Wali wa Kyela hunukia hadi barabarani, lakini jioni ile haukunukia kitu. Alisema ameshiba. Mama akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Alhamisi aliamka na wazo. Alichukua ndizi mbivu mbili kubwa, akamwekea Naomi juu ya dawati kabla ya kipindi.

"Ugonile, jirani," alimwamkia. "Zako hizo."

"Ndaga," Naomi aliitikia. Hakuzigusa. Kisha akasema taratibu, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei: "Angetile, mimi si nilikupa ufunguo?"

Basi. Angekuwa amemtukana, Angetile angelipiza. Angekuwa amelia, angempiga utani acheke. Lakini swali lile lilikaa katikati yao kwenye dawati, pamoja na ndizi.

Mwalimu Jovina alipoingia, Angetile alinyoosha mkono. Alipoinuka tu, wenzake wakaanza kutabasamu, wengine wakageuka nusu wapate kuona vizuri. Kila Angetile alipoinuka, palikuwa na kichekesho.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeharibu picha."

Darasa likacheka.

"Ni kweli. Niliweka rangi ya ukuta kwenye picha yangu. Ya baba."

Wakacheka zaidi. "Kaanza huyo!" Aliko alipayuka. "Ya ukuta!"

Angetile alikuwa amewazoesha hivyo mwenyewe. Kwa miaka sita amewafundisha wasimwamini, nao walikuwa wanafunzi wazuri. Akatoa kile kikopo mfukoni, akakifungua, akakiweka mezani kwa Mwalimu. Ndani kulikuwa na rangi nyeupe iliyoganda pembeni.

"Nilidanganya," alisema. "Nilisema sikugusa. Niligusa. Naomi alizipanga zikiwa kavu. Niliirudisha yangu mbichi, kifudifudi, nikakimbia. Halafu nikampa jina ambalo ni langu mimi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kimya kilirudi, na Angetile akakivumilia. Alisimama ndani yake machozi yakimdondoka kwenye sketi, na hakutafuta neno la kukivunja.

Mwalimu Jovina alikitazama kikopo, akakinusa. "Nilijua rangi za maji hazishiki vile," alisema. "Na mimi nina kosa langu. Nilihukumu kabla ya kufikia mwisho wa swali. Naomi, nisamehe. Chukua ufunguo wako."

Naomi aliupokea, lakini macho yake yalikuwa kwenye picha iliyochunika, ambayo bado ilikuwa juu ya kabati.

"Mwalimu," alisema, "naomba brashi."

Aliiweka picha dawatini, akainamia vile vidonda saba. "Ulisema nuru inaachwa," alinong'ona. Akachovya brashi kwenye manjano yaliyozimuliwa sana, karibu yawe maji matupu, akagusa ukingo wa kidonda cha kwanza. Karatasi iliyochunika ilikuwa na nyuzinyuzi, ikainywa rangi kwa pupa. Manjano yakatambaa yenyewe kuelekea nje, laini, yakiishia gizani bila mpaka. Katikati pakabaki peupe. Darasa zima likasogea. Kilikuwa kimulimuli, na hiki hakikuwa doa, kilikuwa kinawaka kabisa, na mwanga umekizunguka kama pumzi.

"Mwe!" Aliko alisema, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alinong'ona.

Vyote saba vilipokwisha kuwaka, Mwalimu Jovina alimwambia Naomi kwamba picha yake ndiyo itakwenda Kyela, na aende ofisini ampigie mama yake simu. Kisha akamgeukia Angetile.

"Adhabu yako ni hii. Kesho utakwenda Kyela na sisi. Utasimama kando ya picha hii, na kila atakayeuliza taa hizi zimetengenezwaje, utamweleza. Yote. Bila kupunguza."

"Nawe nyumbani," akaongeza, "utamwambia baba yako ulichochukua."

Baba alipoambiwa jioni hakucheka hata kidogo. "Ungeniomba ningekupa," alisema. "Na kabla sijakupa ningekuuliza ya nini, nawe ungeyajua yote ya gundi. Kuchukua kimyakimya kumekunyima jibu." Akampa msasa, akamwonyesha ukuta wa uani wa mchungaji. Angetile alisugua mpaka giza likaingia.

Ijumaa, ndani ya bajaji, Angetile aliipakata picha kama mtoto mchanga. Barabarani Mwalimu Jovina alisema nao wote wawili, ila macho yake yalikuwa kwa Angetile.

"Ukikosea kwa rangi zile za kasha, ukawahi na maji safi, doa linaondoka. Kosa likisemwa mapema ni hivyo hivyo. Wewe ulikosea Jumanne, na Jumatano asubuhi bado ungeliosha kwa sentensi moja. Ulipodanganya, ukaligeuza la ukuta. Likaganda, na kulibandua kumechuna watu wawili. Naomi hakuwa na kosa lolote, lakini aliyechunika zaidi ni yeye. Hilo ulikumbuke kila mdomo wako unapokuwasha."

"Nitakumbuka, Mwalimu."

"Na hizi taa nzuri zisikudanganye. Zimewashwa na mkono wa Naomi. Uongo wako ulitoboa tu."

Ukumbini Angetile alieleza. Alimweleza ofisa elimu, alimweleza mpiga picha, aliwaeleza wanafunzi wa shule nyingine waliocheka, na masista wawili ambao hawakucheka. Alihesabu watu kumi na mmoja, na kila mara masikio yalimwaka upya, ingawa kila mara maneno yalipita kooni kwa urahisi kidogo zaidi.

Wa kumi na mbili alikuwa mwanamke mwenye kitenge kilicholowa pindo kwa maji ya ziwa, na udongo mwekundu umekaa kwenye kucha zake. Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Akanyoosha kidole kuelekea zile taa saba, bila kugusa.

"Naomi, mwanangu, hizi umezipakaje?"

Naomi akamtazama Angetile. Pembeni ya mdomo wake pakacheza kitu kidogo, na Angetile, mtaalamu wa mambo hayo, akakitambua mara moja. Ulikuwa utani.

"Hizo, mama, muulize Gundi."

"Gundi ndiye nani?"

Angetile alipiga hatua mbele, akapiga goti.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."